Kutoka Msasani hadi Ikombe, Kijiji cha Wafinyanzi

Hapa Msasani, mjini Tukuyu, uko karibu mita 1,000 juu ya Ziwa Nyasa. Historia ya mji huu ilianzia ufukweni: Wajerumani waliweka kwanza boma lao Langenburg, kando ya ziwa, kisha wakalihamishia huku mlimani na kupaita Neu Langenburg.

Ukiwa na siku moja tu, teremka kupitia Ipinda hadi Matema, kwenye mchanga ulio chini ya Milima ya Livingstone. Kisha panda mtumbwi hadi Ikombe, kijiji cha Wakisi. Hapo ndipo penye utajiri wa safari yote. Wanawake hufinyanga vyungu kwa mikono, bila gurudumu. Huvisugua mpaka vilainike, huvipamba kwa udongo mwekundu na mweupe, kisha huvichoma kwa moto wa wazi. Mama humfundisha binti. Vyungu hupakiwa mitumbwini kwenda kuuzwa katika soko la Lyulilo, jirani na Matema, na vingine hufika hadi Tukuyu na Mbeya. Ni ufundi wa hali ya juu, nao unastahili kulipwa vizuri.

Mgeni, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ununue chungu kwa mfinyanzi mwenyewe.