Kufunga kishikwambi kwenye dashibodi ya lori: umeme, joto na mahali pa kukiweka

Vishikwambi, au tableti kama wengi wanavyoviita, vimekuwa kifaa cha kawaida kwa wasafirishaji wanaovuka mipaka ya Afrika Mashariki. Dereva anayetoka Dar es Salaam kwenda Kigali kupitia Rusumo, au Mombasa kwenda Kampala kupitia Malaba, hukitumia kama ramani, hupokea humo nakala za hati kutoka kwa wakala wa forodha na kumjulisha mwenye mzigo alipofika. Kioo chake kinasomeka vizuri kuliko cha simu, hasa pale dereva anapotakiwa kuhakiki namba ya kontena au ya lakiri kwenye hati iliyopigwa picha.

Tatizo limekuwa katika kukifunga. Wapo wanaokibandika kioo cha mbele kwa kishikizi cha mpira, wapo wanaokata dashibodi ili kikae kama redio, na wapo mafundi wanaovuta waya popote wanapoona umeme. Bei ya kishikwambi ni ndogo ukiilinganisha na hasara ya lori linalogoma kuwaka likiwa kwenye foleni ya mpakani, au kebini inayoshika moto kwa waya usio na fyuzi. Ndiyo maana suala la umeme ndilo la kuangaliwa kwanza, kabla hata ya kuchagua kifaa.

Volti 12 au 24

Kishikwambi huchajiwa kwa volti 5, na vya kisasa huweza kupokea volti 9 au zaidi kwa chaja maalumu. Gari ndogo hutoa volti 12, malori makubwa volti 24. Ukubwa wa gari pekee hautoshi kuamua. Canter nyingi zilizoagizwa kutoka Japani zina volti 24 ingawa ni malori madogo, wakati zipo gari za dizeli zenye betri mbili zilizounganishwa sambamba na umeme wake unabaki volti 12. Fundi makini hupima kwa mita kabla ya kugusa waya wowote. Injini ikiwa inaunguruma, alternata hupandisha kipimo hadi karibu volti 14 kwa mfumo wa 12, na karibu 28 kwa mfumo wa 24.

Chaja ya bei ya chini iliyotengenezwa kwa volti 12 pekee ikichomekwa kwenye tundu la kiberiti la lori huungua, na wakati mwingine huondoka na kishikwambi. Kinachofaa ni kibadilisha umeme kilichoandikwa kuwa kinapokea volti 9 hadi 36. Hicho kinavumilia umeme kushuka wakati wa kuwasha injini na kupanda pale alternata inapochaji.

Kuna njia ya mkato ambayo ni kosa kubwa, nayo hufanywa mara kwa mara. Lori la volti 24 lina betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Fundi asiye na kibadilisha umeme huchukua waya katikati ya betri hizo, akapata volti 12 bila gharama yoyote. Kifaa hufanya kazi siku hiyo hiyo, mteja akaridhika. Lakini sasa betri moja inatumika kuliko mwenzake, huku alternata ikizichaji zote mbili kama kitu kimoja. Iliyotumika haijai, ile nyingine inachajiwa kupita kiasi na kukauka maji. Baada ya muda mwenye gari ananunua betri mbili mpya na kulaumu aliyemuuzia za mwanzo. Betri hununuliwa mbili kwa pamoja katika lori, hivyo akiba iliyopatikana kwa kukwepa kibadilisha umeme hurudishwa mara nyingi zaidi.

Fyuzi, waya na mahali pa kuvuta umeme

Kishikwambi kinachotumia wati 15 huvuta chini ya ampea 1 kwenye volti 24, na takriban ampea 1.5 kwenye volti 12, ukijumlisha umeme unaopotea ndani ya kibadilishaji. Fyuzi ya ampea 3 inatosha kwa mifumo yote miwili. Ikae karibu na pale umeme unapoanzia, si karibu na kishikwambi, kwa kuwa kazi yake ni kuulinda waya wote. Waya wa urefu wa mita 2 unaopita nyuma ya dashibodi ya chuma bila fyuzi ukichubuka hauna cha kuuzuia usiwake moto.

Kosa lingine la kawaida ni kuweka kibadilisha umeme mbali, kisha kuvuta kebo ndefu ya kuchajia hadi juu. Kebo nyembamba ya geji 28 yenye urefu wa mita 2 ikipitisha ampea 2 hupoteza karibu volti 1.7 kati ya 5. Kishikwambi hupunguza kasi ya kuchaji, na dereva anashangaa kuona asilimia zinashuka ilhali kimechomekwa tangu asubuhi. Dawa yake ni kuuleta umeme wa 12 au 24 hadi nyuma ya kishikwambi, kibadilishaji kikafungwa hapo hapo, na kebo ya mwisho iwe fupi na nene.

Umeme uvutwe kwenye sanduku la fyuzi, katika tundu linalokata gari likizimwa. Kamwe usitolewe kwenye waya wa breki za ABS, wa mfuko wa hewa (ambao kwa kawaida soketi zake ni za rangi ya njano) au wa kifaa cha kufuatilia gari. Kwa wenye mabasi ya masafa marefu nchini Tanzania, ambayo hufuatiliwa na LATRA kwa kifaa kilichofungwa ndani ya gari, fundi anayegusa waya huo anaweza kumletea mwenye basi maelezo marefu ya kuandika. Vivyo hivyo kwa malori yaliyofungwa vifaa na benki au kampuni ya mkopo.

Betri wakati wa kusubiri mpakani

Hapa ndipo hesabu inapowahusu zaidi wanaovuka mipaka. Gari la mjini huzimwa jioni na kuwashwa asubuhi. Lori linaweza kukaa siku kadhaa Tunduma au Kasumbalesa likisubiri hati, injini ikiwa imezimwa.

Chukua kishikwambi kinachotumia wati 10 mfululizo. Kwenye volti 24 hiyo ni karibu ampea 0.42, yaani takriban ampea 10 za saa kwa siku. Lori lenye betri za ampea 150 litapoteza 30 kwa siku tatu na 50 kwa siku tano, theluthi nzima ya betri ikiwa mpya. Betri zikiwa na miaka mitatu na nguvu zake zimepungua, lori haliwaki. Kwa pikapu ya volti 12 yenye betri ya ampea 45 hali ni mbaya zaidi: wati hizo hizo hula ampea 20 za saa kwa siku moja, karibu nusu ya betri.

Kwa hiyo umeme ukatike gari likizimwa, na kishikwambi kitumie betri yake chenyewe wakati wa kusubiri. Anayetaka kukichaji usiku afunge swichi ya pembeni na aikumbuke. Vipo pia vikata umeme vinavyozima vyenyewe volti zikishuka hadi kiwango kilichowekwa, na kwa lori linalolala mpakani kila safari hiki ni kifaa kinachostahili bei yake.

Joto

Apple imeandika kuwa iPad hutumika katika nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi, na kuhifadhiwa bila kuzidi nyuzi 45. Kebini iliyofungwa juani hupita kiwango hicho kwa urahisi, na sehemu ya juu ya dashibodi huwa na joto kuliko hewa ya ndani. Kishikwambi kikichemka huacha kuchaji, kioo hufifia, kisha huzima. Hiyo ni kinga. Kinachoharibika polepole ni betri: ikikaa imejaa asilimia 100 huku ikipigwa jua siku baada ya siku, huvimba na kuinua kioo. Kilichozikwa ndani ya dashibodi kikivimba hakuna anayekiona hadi kimepasuka.

Nafuu ipo. Vishikwambi kadhaa vina mpangilio wa kuzuia chaji isifike 100, na inafaa kuuwasha. Kishikizi kikae mbele ya tundu la hewa ya kiyoyozi, si juu ya dashibodi chini ya kioo. Kwa anayekusudia kukifunga moja kwa moja, Samsung ilitoa Galaxy Tab Active3 mwaka 2020 ambayo betri yake hutolewa kwa mkono na ambayo inaweza kufanya kazi bila betri ikiwa imeunganishwa na umeme. Hiyo huondoa hatari yenyewe, si dalili zake.

Kukata dashibodi au kuweka kishikizi

Wanaopenda kukata huanzia kwenye tundu la redio. Gari nyingi zilizotumika zinazotoka Japani hubadilishwa redio kwa vyovyote, kwa kuwa masafa ya FM ya huko huanzia megahezi 76 na redio za zamani huishia 90, wakati stesheni za kwetu ziko kati ya 88 na 108. Tundu kubwa la kawaida lina upana wa milimita 180 na kimo cha 100. Toyota nyingi zina upana wa 200. Kishikwambi cha inchi 7 kama Nexus 7 ya mwaka 2012 kilikuwa na urefu wa milimita 198.5 na upana wa 120. Maana yake hata kidogo kabisa hakiingii bila kukata plastiki ya pembeni. Plastiki ikishakatwa hairudi, na mnunuzi wa gari hilo baadaye atalitumia tundu hilo kushusha bei.

Kwa anayetaka kioo kisichotoka, redio ya Android iliyotengenezwa kwa ajili ya gari ni chaguo bora kuliko kishikwambi kilichozikwa. Haina betri ya kuvimba, na inaingia tunduni ilivyo. Ila ihakikishwe kuwa ni ya volti 24 kama gari ni la volti 24.

Kwa lori la mpakani, hata hivyo, kishikizi cha kufungwa kwa skrubu ndicho kinachofaa. Dereva anakichomoa kishikwambi, anakwenda nacho dirishani kwa wakala, anarudi. Usiku analala nacho. Gari likiingia gereji, hati za mteja, barua pepe na laini ya pesa haziachwi mikononi mwa fundi. Vishikizi vya mpira wa kunyonya kioo si vya kutegemewa: mpira hulegea kwa joto, na kishikwambi kikianguka miguuni mwa dereva penye mteremko, kinaweza kuingia chini ya pedali ya breki.

Mahali pa kukifunga kuna jambo ambalo mafundi wa Dar es Salaam na Nairobi hulisahau. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto, lakini Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini huendesha kulia. Lori lenye usukani wa kulia likishavuka Rusumo, dereva anayetaka kulipita gari lililo mbele hulazimika kuchungulia upande wake wa kushoto, kupitia katikati ya kioo. Kishikwambi cha inchi 10 kilichosimamishwa katikati ya dashibodi kinakaa hapo hapo. Upande wa nyumbani hakikuwa kikisumbua, ng'ambo kinaficha gari linalokuja. Kifungwe chini, ukingo wake wa juu usivuke dashibodi, na kisiwe mbele ya kifuniko cha mfuko wa hewa.

Ramani na mtandao

Kabla ya kununua, ihakikishwe kuwa kifaa kina GPS. iPad zisizo na nafasi ya laini ya simu hazina kipokezi hicho, hivyo haziwezi kuonyesha gari lilipo porini. Ramani zipakuliwe kabla ya safari. Google Maps inaruhusu kupakua eneo, lakini haina njia za malori na inaweza kumpeleka dereva wa trela kwenye barabara ya pikipiki. OsmAnd ina mpangilio wa lori ambao huwekewa kimo na uzito wa gari, ingawa ubora wake unategemea watu waliochora ramani ya eneo hilo.

Kuhusu mtandao, mpango wa Kenya, Uganda na Rwanda ulioanza mwaka 2014 ulishusha gharama za kupiga simu ng'ambo. Wa data ni suala jingine, na wengi wanaona nafuu kununua laini ya nchi wanayoingia. Hati ziwe zimehifadhiwa ndani ya kifaa chenyewe, na nakala za karatasi zibaki kwenye faili la gari. Kishikwambi hakichukui nafasi ya lakiri ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato, kama ile ya mfumo wa pamoja uliozinduliwa na Kenya, Uganda na Rwanda mwaka 2017.

Kupima kabla ya safari

Kazi ikiisha, fundi azime gari, achomoe waya wa hasi wa betri na kuweka mita ya ampea kati yake na betri, kwanza kishikwambi kikiwa kimefungwa, kisha fyuzi yake ikiwa imetolewa. Vipimo viwili vikilingana, hakuna kinachovuja. Vikitofautiana, umeme umevutwa mahali pasipokata. Baadaye gari liendeshwe saa moja juani kishikwambi kikiwa na ramani wazi: asilimia za betri zisishuke, na kibadilisha umeme kishikike kwa mkono bila kuunguza. Kama kinaunguza, kirudishwe dukani kabla lori halijapakia.