Miaka 80 ya tiketi ya ndege Pwani: Jumla ilipotelea wapi?

Januari 1 mwaka 2026 ilitimia miaka 80 tangu East African Airways ianze safari zake. Aliyenikumbusha ni mama mmoja anayeishi Chumbageni, mitaa michache kutoka kituo cha polisi, aliyekata tiketi za ndege hapa Tanga tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi kompyuta zikamkuta kaunta. Ameomba nisimtaje jina. Nilipompa shikamoo aliitikia, akaingia ndani, akarudi na bahasha ya kaki.

"Shika taratibu mwanangu, hiyo inachafua."

Ndani ya bahasha kulikuwa na tiketi ya zamani: kijitabu chembamba, kuponi zake zimepakwa nyuma kaboni nyekundu, ile iliyoacha alama kwenye vidole vya kila aliyesafiri kwa ndege enzi hizo. Alitaka nitazame chini upande wa kushoto. Pale pana visanduku vilivyopangwa kimoja juu ya kingine: nauli, kodi, jumla. Namba zimeandikwa kwa mkono, kalamu imekandamizwa kwa nguvu ili zifike mpaka kuponi ya mwisho. Msafiri akitoka dirishani kwake, anasema mama, alikuwa anajua amelipa nini na amemlipa nani.

Tulikaa barazani hadi adhuhuri. Sehemu kubwa ya makala haya ni yake.

Ndege zilifika Tanga kabla ya East African Airways. Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ilipita pwani hii katika miaka ya 1930 ikibeba barua na abiria wachache kati ya Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Vita Kuu ya Pili ikaimaliza. Mwaka 1946 likaja shirika la pamoja la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, likianza na ndege sita aina ya Dragon Rapide, zenye mabawa mawili mawili, na Tanga ikawa kituo katika njia yake ya pwani. Baadaye zikaja Dakota, Fokker Friendship, na kwa safari za Ulaya Comet na VC10. Mapema mwaka 1977 shirika lilikufa, miezi michache kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe kuvunjika, na Machi 11 mwaka huohuo Tanzania ikaanzisha Air Tanzania.

Hayo mengi yanajulikana. Mama anataka lijulikane jambo dogo zaidi: jinsi bei ilivyokuwa inapatikana. Juu ya meza yake palikuwa na kitabu kinene cha nauli. Kutoka mji fulani hadi mji fulani, bei ilikuwa imechapishwa, na wakala wa Tanga aliisoma sawa na wakala wa Arusha au Mombasa. Alipiga simu Dar es Salaam kuulizia nafasi, akaandika tiketi, akajumlisha. Kilo za mzigo zilikuwa zimeandikwa kwenye tiketi hiyohiyo, ndani ya nauli. Chakula ndani ya nauli. Kiti ndani ya nauli.

Nilimuuliza kama basi watu wa Chumbageni walikuwa wanapanda ndege.

"Nani apande? Walipanda wakubwa wa mashamba ya mkonge, maofisa wa serikali na wafanyabiashara. Wengine sisi tulipanda basi, au treni ya kwenda Moshi ilipokuwepo."

Jibu hilo lisisahaulike, kwa sababu bei ile ya wazi ilikuwa wazi kwa wachache. Wala haikuwa safi kabisa. Katika miaka ya 1990 abiria wa kwenda nje ya nchi alifika uwanjani na tiketi aliyokwisha kuilipia, akakuta dirisha jingine la kulipa taslimu ada ya uwanja, dola 20 za Marekani. Mama alikuwa anawaandikia wateja wake kikaratasi: weka dola ishirini kando, usizitumie njiani. Yule aliyepewa tiketi na mtu asiyejali alianza kukopa mbele ya kaunta, ndege inaita. Ada ile iliwekwa na serikali, shirika la ndege halikuhusika, lakini mfukoni mwa msafiri maumivu yalikuwa yaleyale.

Miaka ya 1990 ilileta pia mashirika binafsi. Precision Air ilianza kwa ndege za kukodi, ikaingia safari za ratiba. Juni 1 mwaka 2008 chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, kilifuta tiketi za karatasi, na kaboni nyekundu ikaenda zake. Nafasi ya kuandika jumla ikahama kutoka mkononi mwa mama huyu, ikaenda kwenye kioo.

Kisha ikaja Novemba 2012. Hapo mama alikaa sawa kwenye kiti.

Novemba 29 mwaka huo Fastjet ilirusha ndege zake za kwanza kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, Airbus A319, kwa nauli iliyotangazwa kuanzia shilingi 32,000. Dola 20 za wakati ule. Ni vigumu kumweleza kijana wa leo namba hiyo ilifanya nini. Safari ya basi kutoka Dar hadi Mwanza ilikuwa ya kutwa nzima na zaidi. Watu ambao hawakuwahi hata kuusogelea uwanja wa ndege walianza kuuliza tiketi, na zililipika kwa pesa za simu. Kwa watu wa Tanga, ambao Fastjet haikufika kwao, ilibidi kwanza kupanda basi hadi Dar, kiasi cha kilomita 350, kisha ndege. Na bado watu walikwenda.

Lakini tangazo lilikuwa na maneno mawili yenye uzito: "kuanzia", na "bila" ya kodi na tozo za serikali. Kampuni iliyasema. Hakuna wa kusema yalifichwa kabisa. Ila 32,000 ndiyo iliyosikika redioni, ndiyo iliyokaa kichwani. Viti vya bei hiyo vilikuwa vya mwanzo, na bei ilipanda kadiri ndege ilivyojaa. Begi la kuingia chini ya ndege lilikuwa na bei yake, na kubadilisha tarehe bei yake. Mama anasema wateja waliingia ofisini wakiitamka namba ile kama nauli ya daladala, na yeye alipotaja jumla walimtazama kama mwizi. Wengine walitoka wakaenda kwa wakala wa pili, na wa tatu, wakitafuta mwenye 32,000.

"Niliumia," alisema. "Miaka yote hiyo nakata tiketi, sijaitwa mwizi."

Ugomvi huo ungeweza kuepukwa, na hilo ndilo linalonikera. Fastjet ilipoanza ilishirikiana na Stelios Haji-Ioannou, mwanzilishi wa easyJet ya Uingereza, kampuni iliyokuza mtindo wa nauli nafuu Ulaya tangu mwaka 1995. Huko kwao mtindo huo ulikwisha kuwekewa mipaka. Kanuni namba 1008 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008 inataka bei inayoonyeshwa iwe ya mwisho wakati wote, kodi na ada zisizoepukika zikiwa ndani, na vya hiari vitajwe tangu mwanzo wa kununua. Marekani sharti la kutangaza nauli pamoja na kodi zote lilianza Januari 26, 2012, miezi kumi kabla ya ndege ile ya kwanza ya Mwanza. Kwa hiyo abiria wa London na wa New York alikuwa tayari anaonyeshwa bei ikiwa na kodi zake. Abiria wa Mwanza alionyeshwa pungufu. Sikubali kwamba hesabu yetu ni nyepesi kuliko yao.

Fastjet Tanzania ilisimama mwishoni mwa mwaka 2018 kwa madeni na amri ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Desturi yake haikusimama nayo. Nami nimeionja. Kuna mwaka nilikwenda Mwanza kwa wakwe na kikapu cha machungwa ya Muheza, kwa shirika ambalo sitalitaja. Bei niliyoiona kwenye simu niliifurahia. Kwenye mizani kijana wa kaunta aliniambia tiketi yangu haina begi, na mzigo ukilipiwa uwanjani ni ghali kuliko ukilipiwa mapema. Nililipa zaidi ya nusu ya nauli kwa ajili ya machungwa, nyuma yangu foleni inasukuma. Si kwamba nisingelipa. Ningeambiwa siku ya kununua, ningepeleka machungwa kwa basi.

Hatukosi vyombo vya kusimamia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo. TCAA ipo, na chini ya sheria yake kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Jirani zetu Kenya wamelisema waziwazi zaidi: kifungu cha 56 cha Sheria yao ya Ushindani ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kuelezwa na mtoa huduma ada zote, ziitwe jina lolote, kabla hajatozwa. Maneno hayo, "ziitwe jina lolote", ningependa kuyaona yamebandikwa kwenye kila kaunta kutoka Tanga hadi Mtwara.

Tanga imekuwa ikihudumiwa na ndege ndogo za kwenda Pemba, Unguja na Dar. Walio wengi bado hununua kwa simu safari zinazoanzia Dar.

Kabla sijaaga, mjukuu wa mama alikuja na simu yake. Anakwenda Mwanza kwenye usaili. Mama akavaa miwani, akamwambia asibonyeze chochote hadi amsomee kila ukurasa kwa sauti. Nauli. Tozo. Begi. Kiti cha dirishani, akasema kiondoe. Ada ya malipo, akasema rudia hiyo. Kila kimoja alikiandika nyuma ya ile bahasha ya kaki, kimoja chini ya kingine, kwa kukandamiza kalamu. Kisha akajumlisha, akaandika jumla, akaipigia mistari miwili.