Bulyanhulu 1996: kabla, au wakati ule ule?
Jamani, msidhani tensi za Kiingereza ni za mtihani tu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, Kahama, mashimo yakafukiwa. Kiswahili kina -ka- yake, inamfuata tu mwenzake wa mbele. Kiingereza hakina, kila kitenzi kibebe wakati wake.

Na hapo ndipo ugomvi wote ulipo. "The miners had left when the pits were filled": walishatoka. "Were leaving": bado walikuwa wanatoka. Wanaharakati walidai zaidi ya 50 walifukiwa hai. Serikali ikakana, kampuni nayo ikakana. Sasa wewe mwandishi uanze na "had left", mstari wa pili urukie "are leaving", msomaji ajue ulisema nini?