Mwanafunzi kama Mlinzi wa Mafundisho: Chaim Vital wa Safed na Samson Mugombe wa Mbale

Makala haya yanachunguza nafasi ya mwanafunzi katika kuhifadhi mafundisho baada ya mwalimu kufariki. Hoja kuu ni kwamba mhifadhi hapokei tu alichoachiwa. Huamua pia kiendelee kwa sura gani na mikononi mwa nani.

Katika elimu ya batini ya Kiyahudi, yaani Kabala, mfano mashuhuri ni wa Isaac Luria. Luria alifika Safed, Galilaya, mwaka 1570 na kufariki mwaka 1572. Aliandika machache mno. Alifundisha kwa mdomo. Chaim Vital ndiye aliyeyapanga mafundisho hayo kwa maandishi. Mwaka 1575 baadhi ya wanafunzi wenzake walitia saini ahadi ya kujifunza kwake pekee na kutotoa siri. Vital aliyazuia maandishi yake yasisambae, lakini yalinakiliwa. Naye alipofariki mwaka 1620, mwanawe Samuel aliyahariri upya. Kwa kuwa wanafunzi wengine, akiwamo Joseph ibn Tabul, waliacha maelezo yanayotofautiana na yake, Luria tunayemsoma leo ni, kwa sehemu kubwa, Luria kama alivyosikiwa na Vital.

Nchini Uganda hali ilikuwa kinyume. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, hakufundisha Kabala. Imani yake ilitokana na kuisoma Torati. Mwaka 1919, karibu na Mbale, alitahiriwa na kutangaza kufuata Uyahudi pamoja na wafuasi wake. Mwaka 1922 alichapisha kwa Kiganda kitabu cha sala na kanuni za imani. Alipofariki mwaka 1928, mwanafunzi wake Samson Mugombe alishika uongozi wa kiroho. Kitabu kilikuwapo, kilichohitaji mlinzi ni jumuiya yenyewe, iliyojitenga ili isimezwe. Utawala wa Idi Amin ulipopiga marufuku ibada zao, wengi waliihama imani hiyo, wakabaki takriban watu 300 waliosali kwa siri.

Vital alilinda maneno. Mugombe alilinda watu wa kuyatenda. Tofauti hiyo ina uzito kwa mtafiti wa Karagwe, ambako historia ya ufalme wa Bweranyange imetufikia kwa kiasi kikubwa kwa masimulizi. Kabla ya kuuliza mtawala alisema nini, ni sharti kuuliza ni nani aliyeyabeba maneno yake, na kwa nini aliyabeba hivyo.