Dai la hataza na mawakili wake wawili

Mwenye duka akikwambia "nakudai", unajua kuna deni. Gazeti likiandika kwamba shahidi "anadai" jambo fulani, unajua jambo hilo halijathibitishwa. Katika sheria ya hataza, dai si deni wala si tetesi. Hataza ni haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake kwa muda maalumu, kwa kawaida miaka 20, na dai ni sentensi inayoiwekea haki hiyo mipaka. Kilichomo ndani ya sentensi ni chake. Kilichobaki nje, hata kiwe kimeelezwa kwa kurasa 40 na michoro juu, hawezi kumzuia mtu kwacho.

Kwa nini basi tusiseme "mpaka"? Nimelifikiria neno hilo na nimeliacha. Mpaka wa shamba hupimwa na mtu wa ardhi, akaweka bikoni, akaondoka. Mpaka wa hataza huchorwa na mwombaji mwenyewe, kwa maneno yake, kisha ofisi inayosajili hukubali, hutaka upunguzwe, au hukataa. Huko ni kudai kweli. Istilahi yetu imekaa mahali pake.

Sentensi hiyo huandikwa na nani? Katika kampuni kubwa huandikwa na watu wawili wasiokaa ofisi moja. Wa kwanza ni mwanasheria wa kampuni, aliye kwenye orodha ya mishahara, anayejua bidhaa itauzwa wapi, mshindani ni nani, na hataza ipi haistahili tena kulipiwa ada ya mwaka. Wa pili ni wakili wa nje, yule ambaye Tanzania tunamwita wakili wa kujitegemea. Neno wakili ni ndugu wa wakala na kuwakilisha: ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwingine. Na hilo "kujitegemea" lina uzito wake. Mwaka 2010, katika shauri la Akzo Nobel, mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba barua kati ya kampuni na mwanasheria wake mwajiriwa hazina kinga ya siri katika uchunguzi wa sheria za ushindani, kwa sababu mwajiriwa hana uhuru wa wakili wa nje.

Kila mmoja kati yao ana nusu ya maarifa. Kama nusu hizo hazikukutana kabla ya ombi kuwasilishwa, dai huzaliwa na kilema.

Chukua Epilady, mashine ya kung'olea nywele iliyovuma miaka ya 1980. Ndani yake kulikuwa na springi iliyopindwa, ikizunguka kwa kasi. Upande mmoja mizunguko yake iliachana na kuzipokea nywele, upande wa pili ikabanana na kuzing'oa. Dai likaandikwa: springi. Kampuni shindani, Remington, ikaja na mashine yake. Mahali pa springi iliweka fimbo ya mpira iliyochanjwa chanjo. Nywele ziling'olewa vilevile. London, mwaka 1989, Jaji Hoffmann aliamua kwamba mtaalamu anayesoma neno springi angeelewa kuwa mwenye hataza alikusudia springi na si kitu kingine, kwa hiyo Remington haikuvunja haki. Mahakama za Ujerumani, zikisoma hataza ileile ya Ulaya, zilisema imevunja. Neno moja, hukumu mbili.

Linganisha na shauri la Catnic. Kampuni hiyo ilikuwa na hataza ya linta ya chuma, na dai lilisema bamba lake la nyuma linasimama wima. Mshindani akaliinamisha kwa nyuzi 6 katika aina moja na nyuzi 8 katika nyingine. Mwaka 1980 House of Lords, mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, ilikubali kwamba haki imevunjwa: dai linasomwa kwa macho ya mjenzi, na kwa mjenzi bamba lililoinama kidogo hivyo bado linabeba mzigo kama lililo wima. Catnic iliokoka, lakini baada ya kupanda ngazi zote za mahakama kwa sababu ya neno "wima".

Swali ambalo lingefaa kuulizwa mezani mapema ni jepesi: bila springi, kazi hii yaweza kufanywa na nini? Jibu analo fundi. Anayemfikia fundi ni mwanasheria wa kampuni. Anayejua namna ya kuligeuza jibu kuwa dai pana, na chini yake madai tegemezi yaliyo finyu zaidi, ya kukimbilia dai pana likianguka, ni wakili wa nje. Na baada ya ombi kupokelewa, uvumbuzi ambao haukuelezwa ndani yake haupenyezwi tena. Mwanasheria anayemtumia wakili fomu na michoro tu, bila kumkutanisha na fundi wala kumtajia mshindani, ameokoa saa chache za malipo na kuiacha kampuni bila ua.

Kwetu shida hii ina tabaka la ziada. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kamukunji, Nairobi, hueleza kazi yake kwa Kiswahili, ilhali ARIPO, shirika la kikanda linalosajili hataza, lenye makao Harare, hufanya kazi kwa Kiingereza. Wakili akiuliza "madai yako ni yapi?", fundi huanza kutaja watu anaowadai au bei anayotaka kulipwa. Nalichukulia jambo hili kwa uzito, kwa kuwa hapo ndipo uvumbuzi hupotea kabla haujafika kwenye karatasi. Ninawaomba wahariri wa kamusi, watakapolifikia tena neno dai, waandike kando ya deni na tuhuma maana hii ya tatu: sentensi inayoweka mipaka ya hataza.