Kutoka mtama hadi mapanki: historia ya mlo wa nyumbani Shinyanga na Geita

Katika kaya ya Kisukuma ya zamani, wanaume hawakula jikoni. Jua likizama waliketi shikome, kwenye moto uliowashwa uani karibu na zizi la ng'ombe, na kila nyumba ya kaya ile ikapeleka ugali na mboga yake. Mke mkubwa alipeleka wake, mke mdogo wake, mke wa mtoto wa kwanza wake. Mikono ilitoka chombo hiki kwenda kile, na kabla mazungumzo hayajafika mbali kila mtu alikuwa amekwisha kujua ugali wa nani umesongwa ukashikana, mlenda wa nani una karanga, na nani leo amezidisha magadi. Wapishi walikuwa wengi, kila mmoja na mkono wake, na sifa ya mkono huo ilivuka mipaka ya kijiji.

Historia ya Shinyanga na Geita huandikwa kwa almasi, dhahabu na pamba. Ya jikoni imeandikwa kidogo mno, na hilo ni pengo kubwa, kwa sababu karibu kila jambo lililoamuliwa kwingine kuhusu nchi hii liliishia kwenye chungu. Amri ya serikali, mdudu aliyeletwa na meli, samaki aliyetiwa ziwani, bei ya dhahabu: vyote hivyo mwanamke wa nyumbani alilazimika kuvigeuza vikalika, kwa namna yake.

Msingi wa mlo ulikuwa mtama, uwele na ulezi. Ni nafaka zinazovumilia ukame, na Shinyanga mvua ni chache, tena haina ahadi. Lakini zilidai jasho. Mtama ulitwangwa kwenye kinu kutoa kumbi, ukapepetwa, kisha ukasagwa kwa mawe mawili, msagaji akiwa amepiga magoti na uzito wa mwili wote umelalia jiwe la juu. Mtama mweupe hutoa ugali laini. Mtama mwekundu una ukakasi, ndiyo maana ndege hawaushambulii sana, na ukakasi huohuo mlaji huukuta mdomoni. Kulikuwa na wapishi walioukubali ulivyo, na wengine walioupunguza makali kwa unga wa muhogo.

Muhogo wenyewe ulienea kwa nguvu wakati wa Waingereza. Baada ya njaa na nzige, serikali ya kikoloni iliamuru kwa kupitia watemi kwamba kila kaya ipande muhogo uwe akiba, maana kilicho chini ya ardhi nzige hakifikii. Amri ilikuwa ya shambani. Namna ya kuuandaa muhogo, na kuufanya ule mchungu usimdhuru mlaji, ilibaki kazi ya jikoni, na huko njia zikawa zaidi ya moja. Kuna makopa: muhogo humenywa, ukapasuliwa, ukaanikwa mpaka ukauke, basi. Unga wake ni mweupe na hauna harufu kali. Na kuna udaga, ambao kwa upande wa Geita na kando ya ziwa una wapenzi wake wasiobadilika. Muhogo uliomenywa huanikwa kidogo, ukarundikwa na kufunikwa siku kadhaa mpaka uote ukungu, kisha ukungu hukwanguliwa kwa kisu, vipande vilivyolainika vikapondwa na kurudishwa juani. Unga wake ni wa kijivu, una harufu yake, na ugali wake unavutika. Asiyeuzoea huukunjia uso. Aliyekulia hapo anausikia ukisongwa nyumba ya pili na anajua kuna mlo. Sumu ya sianidi iliyomo katika muhogo mchungu hupungua sana kwa njia hii, na hakuna bwana shamba aliyewafundisha kina mama hesabu za siku hizo. Walizipata kwa kujaribu na kuangaliana.

Mahindi yaliingia taratibu, kisha yakaja kwa kishindo. Mashine ya kusaga ilipofika kijijini, jiwe likaachwa pembeni, na mashine ilipendelea mahindi. Shule nayo ilichangia kwa njia ambayo wengi hawaifikirii. Mtama unahitaji watoto wa kuamia ndege, na kwelea kwelea wanapotua shambani hawaachi kitu. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, elimu ya msingi kwa wote ilipotiliwa mkazo, mtoto alipaswa kuwa darasani saa ileile ambayo zamani alikuwa shambani na kombeo. Hindi limejifunika maganda, halihitaji mlinzi wa ndege. Kaya nyingi zikachagua hindi.

Katika njaa za miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuja pia unga wa mahindi ya njano kutoka nje, watu wakauita unga wa yanga kwa rangi yake. Kina mama waliouzoea mtama waliusonga, wengine wakiuchanganya na udaga ili ushike, wengine wakiugeuza uji. Na pamoja na mahindi ya ng'ambo akaja mgeni mbaya zaidi. Dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati, aligunduliwa Tabora karibu na mwaka 1980, akasambaa hadi Shinyanga, na wakulima wakamwita Skania, kama lori. Alitoboa mahindi ghalani, akatoboa na makopa, akaacha vumbi tupu. Kabla yake mahindi yalihifadhiwa yakiwa kwenye magunzi, mpishi akipukuchua ya siku mbili tatu tu. Sasa wataalamu wakashauri yapukuchuliwe yote mara baada ya kuvunwa na kuchanganywa na dawa. Kazi iliyokuwa imetawanyika mwaka mzima ikarundikana katika majuma machache, mikononi mwa kina mama walewale.

Hata hivyo, ukitaka kuona akili ya mpishi wa Usukumani ilipofikia kilele, tazama kiazi kitamu. Kinaoza upesi, na kiangazi cha hapa ni kirefu. Jibu lilikuwa jua na majabali yaliyotapakaa nchi nzima, na hapo kaya ziligawanyika kambi mbili. Ya kwanza ni ya michembe. Viazi huachwa visinyae kidogo, vikamenywa, vikakatwa vipande vyembamba vikiwa vibichi na kutandazwa juu ya mwamba. Mkataji hodari hafanyi kipande kinene upande mmoja, kwa kuwa upande huo ndio utakaoota ukungu ghalani. Ya pili ni ya matobolwa: viazi huchemshwa kwanza, vikamenywa, vikakatwa na kuanikwa. Hukauka vikiwa vya rangi ya kahawia, vitamu zaidi, na mtoto anavitafuna njiani kwenda kuchunga bila kupikwa tena. Michembe haisumbui kuni wakati wa kuandaa lakini inazitaka wakati wa kupika. Matobolwa ni kinyume chake. Mama anayeamua kati ya hivyo viwili anapima kuni, muda, idadi ya watoto na urefu wa kiangazi kwa pamoja.

Kupika nako ni kila mtu na lake. Michembe huchemshwa mpaka ilainike, kisha karanga zilizotwangwa hukorogwa ndani na kuachwa zichemke taratibu mafuta yajitenge juu. Nyumba ya pili wanachanganya na maharage au choroko. Nyumba ya tatu hawatii kitu, wanakula na maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu, na ukiwauliza watakuambia karanga zinaua utamu wa kiazi. Wenyeji wanapenda kiazi chenye unga mwingi na maji kidogo, na ndiyo maana aina kama Polista na Sinia, ambazo watafiti wa kituo cha kilimo cha Ukiriguru walizichunguza pamoja na wakulima, zilikuwa na jina vijijini. Viazi lishe vya rangi ya chungwa, vilivyoletwa kwa ajili ya vitamini A, vilikuta kipimo hicho kikiwasubiri, na vingi vina maji zaidi. Tena jua kali linapunguza vitamini hiyo, kwa hiyo anayevikausha ni bora avianike kivulini. Ushauri huu ungefika mbali kama ungeanzia kwa wapishi wenyewe.

Majani ya kunde nayo yalikaushwa yakawa nsansa, mboga ya miezi ambayo hakuna jani bichi shambani. Yakipikwa na karanga, ugali wa mtama haudai nyama.

Sasa nije kwenye moto, ambako historia hii inauma. Kuanzia miaka ya 1920 mapori ya Shinyanga yalifyekwa katika vita dhidi ya mbung'o. Mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o Tanganyika, Charles Swynnerton, alifanyia kazi zake hapo Shinyanga. Vita ile ilifungua ardhi kwa mifugo na pamba, na miti ikazidi kuisha. Ilipofika miaka ya 1980 watu walikuwa wakiitaja Shinyanga kama jangwa. Mpishi asiye na kuni alipikia mabua ya mtama, miti ya pamba iliyong'olewa baada ya mavuno, na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Kinyesi kinashika moto polepole na kinafaa kwa chungu cha choroko kinachohitaji kutokota, ila moshi wake ni mzito. Mwanamke aliyepika hivyo miaka arobaini, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, alizeeka na macho mekundu. Na katika nchi hii hii macho mekundu ya bibi kizee yalichukuliwa kuwa alama ya uchawi. Wako wazee wetu waliokatwa mapanga usiku kwa sababu hiyo. Mwanazuoni Simeon Mesaki alitumia miaka mingi kuchunguza mauaji hayo ya Usukumani, na sababu zake ni nyingi, zikiwemo mirathi na ardhi. Lakini macho yale yalitoka jikoni. Yalikuwa malipo ya kulisha watu, na hili lazima lisemwe kila historia ya mikoa hii inaposimuliwa.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliorudisha ngitili, yale malisho na misitu iliyotengwa kwa desturi ya Wasukuma wenyewe. Miti ikarudi, na pamoja nayo kuni za karibu, uyoga, matunda na mlenda wa porini.

Upande wa ziwa mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kabla ya sangara, chungu cha Geita kilijua furu, ningu, kambale na kamongo. Sangara alitiwa Ziwa Victoria kwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelitawala ziwa na furu wakapungua vibaya. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na kilichobaki, kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, kikawa mapanki. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, iliyaonyesha mapanki kwa dunia kama picha ya fedheha, na Rais Kikwete aliikemea hadharani mwaka 2006. Malalamiko kwamba minofu iliwapita wenyeji yalikuwa ya haki. Ila kamera haikuingia jikoni. Humo kuna mama anayekaanga mapanki mpaka yakauke kisha anayatia kwenye nyanya na kitunguu, na mwenzake anayevichemsha vichwa kwa ndimu na chumvi akapata supu ya kulisha nyumba nzima. Mimi nauheshimu ujuzi huo, hata kama nachukia kilichousababisha.

Dagaa ndio wanaofika kila kijiji, hadi ndani kabisa Shinyanga. Waliokaushwa mchangani huja na mchanga wao, kwa hiyo mpishi mzuri unamjua kwenye kuosha: maji ya uvuguvugu, mkono mwepesi, kumwaga na kurudia mpaka chini ya beseni pasisikike chembe. Wengine hung'oa vichwa kwa kukwepa uchungu. Wengine husema uchungu ndio dagaa.

Kisha migodi. Wajerumani waliona dhahabu Geita mwaka 1898, na mgodi ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966. Huko Mwadui, Shinyanga, almasi ya mjiolojia John Williamson ilipatikana mwaka 1940. Vibarua walipewa posho ya unga wa mahindi, na wengi walirudi makwao wakiwa wameuzoea. Wimbi la pili ni la wachimbaji wadogo waliomiminika Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu na Bulyanhulu; huko Bulyanhulu waliondolewa Agosti 1996. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na Geita ikawa mkoa mwaka 2012. Kwenye machimbo hakuna shamba. Kila kitu ni cha kununua: unga kwa kilo, mafuta kwa kipimo, nyanya kwa fungu. Wali wa majaruba ya Kahama, uliokuwa chakula cha sikukuu, umekuwa mlo wa kawaida wa siku ambayo duara, yaani shimo la mchimbaji, limetoa dhahabu. Muha anapika maharage kwa mawese, Mhaya ndizi, Msukuma michembe, wote ukuta kwa ukuta, na watoto wanakula kote.

Na huko machimboni ndiko jiko limepata adui mpya. Wachimbaji hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma ili zebaki itoke kwa mvuke. Umoja wa Mataifa ulipoendesha mradi wake wa zebaki Rwamagasa mwanzoni mwa miaka ya 2000, hatari ya uchomaji huo ilikuwa wazi, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Bado kuna wanaochomea nyumbani, juu ya jiko la mkaa lilelile la chakula cha jioni, mama mjamzito na watoto wakiwa hapohapo. Mwanamke wa Geita anajua kutoa sumu ya muhogo. Zebaki haitoki kwa jua, haitoki kwa kuchemsha, wala kwa kusugua sufuria na majivu. Ndugu mchimbaji, tumia retoti inayonasa mvuke, fanya kazi hiyo mbali na makazi, na usiilete zebaki kwenye jiko la nyumbani hata siku moja.