Sanduku la Imogen, kutoka London hadi Juba

Miongoni mwa watu wa kwanza kuandika walichokiona kwenye Cymbeline ya Shakespeare alikuwamo mganga na mpiga ramli wa London, Simon Forman. Aliitazama mwaka 1611, mwaka huohuo aliofariki, akajiandikia muhtasari. Vita vya Waingereza na Warumi anavitaja, watoto wa mfalme walioibwa pia anawataja. Lakini akifika kwenye sanduku, anatua.

Sanduku lenyewe ni hili. Posthumus, kijana aliyefukuzwa nchini kwa kumwoa binti wa mfalme, Imogen, yuko Roma akimsifia mkewe mbele ya wanaume wenzake. Iachimo, Mwitaliano mwenye ulimi wa asali, anaweka dau kwamba atampata mwanamke huyo. Anakwenda, anajaribu, anakataliwa kweupe. Basi anamwomba Imogen amtunzie sanduku la vitu vya thamani usiku mmoja tu, kisha anajificha humo. Usiku wa manane kifuniko kinainuka. Mwanamke amelala, ukurasa wa kitabu alichokuwa akisoma umekunjwa. Iachimo anakagua mapambo ya chumba, anamvua bangili polepole, anaona alama ndogo kwenye titi la kushoto, anarudi sandukuni. Hakuna zaidi ya hapo. Kwa mume mwenye wivu, bangili na alama vinatosha: Posthumus anamtumia mtumishi barua amuue mkewe.

Mwanzoni mwa Mei 2012 kisa hicho kilipanda jukwaa la Globe, London, kwa lugha ya Arabi Juba ya Sudan Kusini. Lilikuwa tamasha la tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37, na Sudan Kusini ilikuwa haijatimiza hata mwaka tangu ijitangazie uhuru Julai 9, 2011. Joseph Abuk ndiye aliyetafsiri, akaongoza pamoja na Derik Uya Alfred. Huyu Uya Alfred hakuokotwa njiani. Mwaka 1994 alishiriki kuanzisha kikundi cha Kwoto mjini Khartoum, kati ya watu wa kusini waliokimbia vita, wakaigiza na kucheza ngoma zao katika mji ambao haukuwa na hamu nazo.

Siku chache kabla yao, jukwaa hilohilo lilikuwa la Kiswahili: Wanawake wa Heri wa Winsa, Mrisho Mpoto akiwa Falstaff. Nako kuna mume anayemshuku mkewe, na mwanamume anayefichwa, safari hii kwenye kapu la nguo chafu. Afrika Mashariki ilifika London na visa viwili vya wivu wa ndoa, kimoja cha kapu, kingine cha sanduku.

Wahakiki waliipokea Cymbeline ya Juba kwa furaha, ila sehemu kubwa ya walichoandika iliegemea bendera: nchi changa kuliko zote duniani, watu waliotoka vitani sasa wanaimba. Siwalaumu sana. Globe iliamua kutotafsiri mstari kwa mstari, vibao vya pembeni vikatoa muhtasari wa kila onyesho tu. Asiyejua Arabi Juba alibaki na miili, nyimbo, na kicheko cha Wasudani Kusini waliosimama karibu naye. Tena habari za siku zile zilishawishi. Januari Juba ilifunga visima vya mafuta kwa mgogoro na Khartoum juu ya ada ya kupitisha mafuta, Aprili majeshi yakapigana Heglig, ambako Juba inakuita Panthou. Na katika tamthilia mfalme anakataa kulipa kodi kwa Roma, anapigana, anashinda, kisha anakubali kulipa! Septemba mwaka huohuo Juba na Khartoum zikatia saini makubaliano ya ada, na waliopenda usomaji huo wakazidi kunogewa.

Usomaji huo unaliacha sanduku kando, na nadhani hapo ndipo wahakiki walipopoteza njia. Arabi Juba ni lugha ya soko la Konyo Konyo, ndugu wa Kinubi cha Kibera na Bombo, zote zikiwa zimezaliwa kwenye kambi za askari wa karne ya 19. Serikali inaandika kwa Kiingereza. Arabi Juba ndiyo ya kupatana bei, kutaniana na kugombana nyumbani. Mume akimtukana mkewe kwa lugha hiyo, hakuna umbali wa kitabu cha shule.

Na tuhuma yenyewe si ya jukwaani tu. Sheria ya Adhabu ya Sudan Kusini ya mwaka 2008 inahesabu uzinzi kuwa kosa la jinai, na kesi nyingi huishia kwenye mahakama za machifu, ambako kwa Wadinka fidia yake ni ng'ombe. Wiki chache baada ya onyesho la London, Juni 2012, Human Rights Watch ilichapisha ripoti kuhusu watu waliofungwa bila msingi katika magereza ya nchi hiyo, na waliofungwa kwa uzinzi wamo. Posthumus wa Juba asingehitaji kutuma mtumishi mwenye kisu. Angeipeleka bangili kwa chifu.

Aliyeuona uzito wa tuhuma hiyo kwa mke, kwa njia yake, ni mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw. Aliidharau Cymbeline tangu 1896, na mwaka 1937 akatoa sehemu yake ya tano aliyoiandika upya. Kwa Shakespeare, Posthumus anajutia amri ya kumuua mkewe hata kabla ya kujua kwamba hana hatia, jambo zito ambalo wachache hulisifu, na Imogen anamkumbatia. Imogen wa Shaw anamkumbusha mumewe alichomtendea, analalamika, kisha anarudi nyumbani kwa sababu wanawake wengine wote hufanya hivyo. Mwanamke akitaka kuondoka katika nyumba nyingi za Sudan Kusini, ndugu zake wataanza kwa kuhesabu ng'ombe wa mahari wa kurudisha.